Kongo ndani ya Jumuiya: biashara kwanza au amani kwanza?

Tarehe 8 Aprili 2022, Rais Félix Tshisekedi alitia saini jijini Nairobi mkataba wa kuiingiza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarehe 13 Juni waasi wa M23 wakauteka Bunagana, mji mdogo ambako malori kutoka Uganda huingilia Kivu Kaskazini, jimbo la mashariki mwa Kongo. Tarehe 11 Julai Kongo ikawasilisha hati ya kuridhia, ikawa mwanachama kamili. Siku hiyo kituo cha forodha cha Bunagana kilikuwa mikononi mwa waasi kwa karibu mwezi mzima.

Tangu hapo wachambuzi wa sera za nje wa ukanda huu wamegawanyika. Wapo wasemao Kongo iliingizwa haraka mno, na wapo wasemao ilichelewa.

Wa kundi la pili wana hoja nzito. Kivu haijawahi kuisubiri Jumuiya ili ifanye biashara na mashariki. Mizigo yake mingi hupitia Mombasa na Dar es Salaam, kwa kuwa Atlantiki iko mbali na barabara za kufika huko hazipitiki. Ukisimama asubuhi kwenye geti dogo la mpakani kati ya Goma, upande wa Kongo, na Gisenyi, upande wa Rwanda, utaona akina mama wanavuka kwa miguu, beseni la nyanya kichwani, mtoto mgongoni. Hawahitaji kuisoma itifaki. Wanachojua ni saa ya kufungwa geti, kwani saa zikikatwa nyanya zinalala, na nyanya iliyolala hainunuliwi kwa bei ya jana. Uanachama, kwa hoja hii, unampa mama huyo kanuni za kudai mbele ya ofisa, badala ya kuishi kwa huruma yake.

Naikubali hoja hiyo. Nisichokubali ni nyongeza yake, kwamba biashara ikishamiri amani itakuja yenyewe. Rwanda na Uganda zilikuwa ndani ya umoja wa forodha mmoja Rwanda ilipoufunga mpaka wa Gatuna Februari 2019, na haukufunguliwa tena kwa kudumu hadi 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu, na soko la pamoja halikuweza kulifungua geti moja. Mfano huohuo unawajibu pia wanaodai kwamba migogoro imeletwa na wanachama wapya.

Kundi la kwanza linaanzia kwenye Ibara ya 3 ya Mkataba ulioanzisha Jumuiya, inayomtaka mwombaji azingatie utawala bora, demokrasia na utawala wa sheria. Linauliza kwa nini masharti hayo hayakupimwa kwa makini. Kisha linaonyesha kilichofuata. Kikosi cha Jumuiya kilianza kupelekwa Kongo mwishoni mwa 2022, kikatofautiana na Kinshasa juu ya kazi yake, kwa maana Kinshasa ilitaka kiwapige M23. Desemba 2023 kikaondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na kikosi cha SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23, Februari ikafuata Bukavu. Wakuu wa jumuiya hizo mbili walikutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari, lakini makubaliano ya Kongo na Rwanda yalikuja kusainiwa Washington, tarehe 27 Juni 2025. Inauma kuona majirani wawili wa nyumba moja wakisuluhishwa ng'ambo ya bahari.

Hata hivyo, ukali peke yake hauponyi. ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, iliiwekea Niger vikwazo vikali baada ya mapinduzi ya Julai 2023. Januari 2025 Niger, Mali na Burkina Faso zikatoka rasmi.

Hapo ndipo ninapoona watafiti wengi wanapitwa na jambo. Husema mikono ya Jumuiya imefungwa, kwa sababu Wakuu wa Nchi huamua kwa kauli moja na mtuhumiwa ana sauti. Huo ni ukweli nusu. Ibara ya 148 inasema nchi inayojadiliwa kusimamishwa au kufukuzwa, maoni yake hayahesabiwi. Waandishi wa Mkataba wa 1999 walikwishaiona hatari hiyo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kadhaa kwamba Rwanda inawasaidia M23. Rwanda inakanusha, na inaishutumu Kinshasa kwa kushirikiana na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Tuhuma hizo zote mbili ni za mwanachama dhidi ya mwanachama, na zilistahili kupimwa Arusha, makao makuu ya Jumuiya.

Sidai mtu afukuzwe kesho. Ipo njia iliyo karibu zaidi. Jumuiya ina Sheria ya Kuondoa Vikwazo Visivyo vya Kiforodha ya mwaka 2017, na ina utaratibu uliozoeleka: lalamiko linapokelewa, nchi inayolalamikiwa inatajwa, muda wa kurekebisha unawekwa. Lori likizuiwa kwa ajili ya cheti, linaandikwa. Vituo vya mizani vikizidi barabarani, vinaandikwa. Kundi lenye silaha likikalia kituo cha forodha na kutoza ushuru wake, jambo hilo linahamishiwa faili la usalama, wafanyabiashara hawaliulizii tena. Mimi ningeanzia hapo: Bunagana iandikwe kwenye orodha ileile ya vikwazo, na jina la kila serikali inayotuhumiwa kuwawezesha wenye silaha, na tarehe ya mwisho ya kujibu.