Anza na mwendo, ng'ombe baadaye

Ushauri wanaopewa wageni wa mashindano ya farasi wa ranchi huko Marekani unaniudhi sana. Mtu anauliza aanzie wapi, anaambiwa anunue farasi wa miaka mitatu ili "wafundishane", atafute tandiko lenye mapambo ya fedha, halafu aingie moja kwa moja kwenye kipengele cha ng'ombe. Kabla msimu haujaisha farasi amejifunza kukimbia mkono wa mpandaji, mpandaji amejifunza kuogopa, na wote wawili wanaacha. Hawakutendewa haki.

Mgeni aanze na Ranch Riding, na ashike hapo msimu mzima. Ni kipengele kisicho na ng'ombe: unafuata mchoro peke yako uwanjani, ukimwonyesha jaji kwamba farasi wako anaweza kufanya kazi ya siku nzima bila kumchosha aliye mgongoni. Anatembea, anakwenda troti (mwendo wa kati wa kudunda), anakwenda lopu (mbio za polepole), anarefusha mwendo, anasimama, anageuka, anarudi nyuma. Watu huona ni vitu vidogo. Alama nyingi za wageni zinapotelea hapo hapo.

Hesabu yenyewe hii. Kwa kanuni za AQHA, chama cha Marekani cha farasi aina ya Quarter, unaanza na alama 70. Kila muondoko, yaani kila kitendo kilichomo kwenye mchoro, hupewa kuanzia 1½ pungufu hadi 1½ nyongeza, kwa hatua za nusu alama. Kisha kuna adhabu. Farasi akivunja troti, yaani akiuacha mwendo huo bila kuagizwa, kwa hatua mbili au pungufu, umepoteza 1. Akizidisha hatua mbili, 3. Lopu kwa mguu wa kuongoza (ule wa mbele unaotangulia) usio sahihi, 3. Kubadili mguu huo kwa kupitia troti, ukazidisha hatua tatu za troti, 3 tena. Kosa moja la alama 3 linafuta miondoko sita mizuri iliyopata nusu nusu. Ndiyo maana namsihi mgeni aache kutafuta muondoko wa kushangaza watu. Atafute raundi isiyo na adhabu.

Sasa troti ndefu, maana hapa ndipo karibu kila mgeni anapoharibu. Kurefusha si kuharakisha. Weka koni mbili kando ya ua, mita 30 kutoka moja hadi nyingine, uhesabu hatua za farasi katika troti ya kawaida, kisha uhesabu tena unapoirefusha. Zikishuka, tuseme kutoka 13 hadi 11, amerefuka. Zikibaki zilezile huku upepo ukikupiga usoni, anakimbia tu, na karibuni ataangukia kwenye lopu. Sababu huwa ni kiwiliwili chako: umeinamia mbele, uzito umehamia mabega yake, hana namna ya kunyoosha mguu. Kaa wima, bana kwa mashavu ya miguu, upeleke mkono mbele sentimita tano hivi, umwachie shingo bila kutupa hatamu. Kuinuka na kukaa kwa mdundo wa troti kunaruhusiwa, na kushika pembe ya tandiko kunaruhusiwa pia. Sielewi kwa nini wageni wanafichwa jambo hilo.

Kurudi chini, kutoka troti ndefu hadi ya kawaida, ndiko kugumu zaidi. Mpandaji anafika kwenye koni, anashtuka, anavuta hatamu zote mbili. Farasi anainua kichwa, anafungua mdomo, mgongo unakuwa mgumu, na jaji ameshaandika. Anza hatua tatu kabla ya alama: acha kuinuka, keti, toa pumzi, funga vidole, subiri. Asipokusikia, usizidishe kuvuta. Msimamishe kabisa, mrudishe nyuma hatua nne, uondoke tena. Akirudiwa hivyo mara chache kwa siku, ataanza kusikiliza kiti chako kabla ya mkono. Na mkono usiulegeze hadi hatamu zining'inie, kwa sababu hatamu zinazoning'inia zina adhabu yake. Wanachotaka kuona ni mguso mwepesi.

Magogo ya mazoezi, yale farasi anayoyavuka kwa kuyaruka hatua kwa hatua, yawe na nafasi hizi kati yake: kutembea sentimita 50 hadi 60, troti 90 hadi 105, lopu mita 1.8 hadi 2.1. Ukiyapanga kwa kukisia, farasi atagonga na wewe utamlaumu bure.

Farasi wa kuanzia awe na miaka minane kwenda juu, aliyekwisha kutolewa nje ya uwanja na anayepanda trela bila ugomvi. Nakubali kwamba wapo waliofanikiwa na farasi mchanga, lakini wengi wao walikuwa na mwalimu kando kila wiki. Tandiko liwe linalomkaa vizuri mgongoni. Mapambo ya fedha hayapendelewi katika kipengele hiki, na rangi ya kwato na kusuka manyoya ya shingo haviruhusiwi. Lijamu na idadi ya mikono ya kushikia hatamu hutegemea umri wa farasi na chama, hivyo soma kitabu cha kanuni cha mwaka huu, maana kifaa kisichoruhusiwa ni sifuri. Cheti cha kipimo cha Coggins, cha damu cha kuchunguza ugonjwa wa farasi wa upungufu wa damu wa kuambukiza, ubebe.

Ng'ombe wana raha yao, sibishi. Farasi akishajua kusimama na kurefuka, mtafutie ng'ombe mmoja mtulivu umfuate kwa kutembea: ukikaa usawa wa nyonga ya ng'ombe unamsukuma mbele, ukisogea usawa wa bega unamgeuza.

Siku ya mashindano jiandikishe vipengele viwili tu. Utembee mchoro kwa miguu yako ukiutaja kwa sauti, kwa sababu ukiruka muondoko mmoja utawekwa nyuma ya wote waliokamilisha, hata kama farasi wako alikuwa bora kuliko wao. Baada ya matokeo, omba kuona karatasi ya jaji. Soma kwanza safu ya adhabu, kisha ya miondoko, na adhabu itakayojirudia kwenye mashindano mawili ndiyo kazi yako ya mwezi unaofuata.