Kinga ya Muhogo: Mbegu Moja Bora au Mchanganyiko wa Mbegu?

Kisamvu cha mpira, kinachotwangwa na akina mama wa Tanga na kuungwa kwa nazi, hakitoki kwenye muhogo wa kawaida. Hutoka kwenye mpira, mti mrefu wenye asili ya Brazili, uliopandwa zamani kwa ajili ya utomvu wake, na ambao mizizi yake haifai kuliwa. Mti huo ni ndugu wa muhogo, na undugu huo ndio uliotumiwa na mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Harold Storey, katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, kuanzia miaka ya 1930.

Adui aliyekuwa mbele yake ni batobato, ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka ya manjano na kuyakunja. Husambazwa na nzi weupe, na pia na mkulima mwenyewe anapokata pingili za kupanda kutoka kwenye shina lililoambukizwa. Storey na mwenzake Nichols walipoona kwamba kinga iliyomo ndani ya aina za muhogo peke yake haitoshi, waliuchanganya muhogo na jamaa zake wa mbali, mpira ukiwemo. Machotara wa kwanza walistahimili ugonjwa lakini mizizi yao ilikuwa duni, hivyo ikabidi wachavushwe tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi mizizi ikanenepa na kinga ikabaki. Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na kupitia watafiti wa Ibadan, nchini humo, kinga ya Amani ikaingia katika aina nyingi zinazolimwa Afrika hadi leo.

Swali linalogawa watu ni nini kifanyike kinga inapopatikana. Wapo wanaotaka aina moja au mbili zilizo bora zaidi zisambazwe kila shamba na zile za kienyeji ziondolewe. Hoja yao si nyepesi. Muhogo usio na kinga ni ghala la virusi: nzi weupe hufyonza humo na kuhamia kwa jirani, na kwa kuwa virusi hukaa ndani ya pingili, ugonjwa wa mwaka huu hupandwa tena mwakani. Kwa familia ya Handeni ambayo mvua zikikatika hutegemea muhogo, kuambiwa itunze aina inayougua kwa ajili ya uanuwai ni kuitwisha mzigo wa wengine.

Watetezi wa mchanganyiko, yaani wanaotaka aina kadhaa zipandwe pamoja, hupenda kutaja mpunga wa Yunnan, China, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba aina dhaifu ilipopandwa pamoja na zenye kinga, ugonjwa wa ukungu unaoitwa blasti ulipungua kwa asilimia 94 katika aina hiyo dhaifu. Naheshimu ushahidi huo, lakini siamini kwamba unahamishika moja kwa moja hadi kwenye muhogo. Mpunga huanza msimu kwa mbegu, na ukungu husafiri kwa hewa kutoka mmea hadi mmea, kwa hiyo mmea wenye kinga unaosimama katikati huwa kizuizi. Pingili iliyokwisha kuambukizwa haiponywi na jirani mwenye afya.

Hata hivyo, upande wa aina moja una udhaifu ambao naona ni mkubwa zaidi, nao ni kudhani kwamba adui ni mmoja. Mwaka 1936 Storey huyohuyo alieleza ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, unaoozesha mzizi ardhini ilhali majani yanaweza kuonekana mazima. Baada ya batobato kali kuangamiza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, mashamba yalifufuliwa kwa aina zenye kinga dhidi yake. Kuanzia mwaka 2004 michirizi ya kahawia, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa shida ya ukanda wa pwani, ikaonekana huko, na baadhi ya aina hizo hazikuwa na la kujitetea. Waliozichagua hawakukosea, walijibu swali walilokuwa nalo, lakini shamba liliulizwa lingine.

Kwa sababu hiyo naona wanaogawa pingili Tanga wangefanya vyema kutoa aina tatu au nne kwa pamoja, zote safi na zenye kinga za asili tofauti, huku mimea inayougua ikiendelea kung'olewa bila huruma. Aina za kienyeji nazo zitunzwe, ila katika bustani za vituo vya utafiti na kwa gharama ya umma, si kwa njaa ya mkulima mmoja mmoja.

Thamani ya kutunza imekwisha kuonekana. Kazi ya muhogo pale Amani ilisimama mwaka 1957, lakini wakulima wa kusini mwa Tanzania waliendelea kupanda muhogo wanaouita Namikonga, na wa pwani ya Kenya wakapanda wanaouita Kaleso. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba hiyo ni mimea ileile, iliyotokana na machotara wa Amani, nayo ni miongoni mwa inayostahimili zaidi michirizi ya kahawia.