Siku niliyoamua kukimbia mbio kwenye mvua ya Tukuyu bila kulowa

Mimi ni mtoto wa Mbagala, baridi naijua ya kwenye friji tu. Kazi ikanihamishia Tukuyu, kule Mbeya, nikafika mwezi wa nne, na kama huijui Tukuyu ya mwezi wa nne basi jua kwamba kule mvua ya mwaka mzima inapita milimita 2,000 na naona karibu zote zilinisubiri mimi nishuke kwenye kosta.

Sasa ndizi za kule na maparachichi vikanifanyia kitambi, mke wangu akaanza kuniita mheshimiwa. Nikaona isiwe tabu, naanza mbio. Ila kulowa sitaki.

Usiku nikajipanga. Chini fulana ya pamba ya kampeni, nzito, juu yake sweta, juu yake koti la mvua la jirani yangu wa bodaboda, lile la mpira kabisa, zipu hadi kidevuni. Kichwani kofia ya nailoni ya kuogea niliyoondoka nayo gesti moja Morogoro (msiniulize). Simu kwenye mfuko wa mkate. Miguuni sasa ndo kulikuwa na akili: mke wangu ana rambo zake, ile mifuko ya plastiki, kaficha chini ya godoro tangu serikali ipige marufuku mwaka 2019, nikachomoa mbili, nikavaa juu ya soksi, nikafunga na mpira wa kufungia hela, ndo nikavaa raba. Nikajitazama kwenye kioo nikasema hapa hata Nuhu angeniomba ushauri.

Saa kumi na mbili asubuhi niko barabarani. Kilomita ya kwanza aisee, mkavu! Mvua inagonga koti pa pa pa, mimi ndani nacheka. Kilomita ya pili nikaanza kusikia joto la ajabu, kama nimefunikwa blanketi na kujifukiza. Ya tatu nikanyanyua mkono nijifute uso, si maji yakamwagika kutoka kwenye mkono wa koti, ya uvuguvugu! Nikadhani koti limetoboka. Halijatoboka bwana, lile jasho langu mwenyewe, lilikosa pa kutokea.

Huku miguuni rambo zinapiga kelele krwachu krwachu krwachu, na mbwa wa kule kwenye mashamba ya chai hawajazoea mtu anayelia kama gunia la chipsi. Wakatoka wawili. Nikaongeza mwendo, udongo mwekundu ukanikataa, nikaenda na makalio mpaka kwenye mtaro. Maji ya mtaro yakaingia kwenye rambo kwa juu, na rambo ni rambo, maji yakiingia hayatoki. Nikainuka nina ndoo mbili miguuni. Mbwa wenyewe wakasimama wakaniangalia, wakaondoka.

Hapo wakapita watoto wa shule, kila mmoja kajifunika jani la mgomba, pekupeku, viatu wameweka ndani ya begi. Yaani wanafika shule wananawa miguu wanavaa viatu vikavu. Mimi na degree yangu nimesimama kwenye matope. Nyuma yao mama mmoja mtu mzima na mwamvuli wake, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba huku ananikagua kuanzia kofia ya kuogea kushuka chini, akasema, "Pole mwanangu. Wamekuibia?"

Akatokea jamaa anakimbia kwa raha zake, bukta, jezi ya mtumba, kapelo. Kalowa chapachapa na hana habari. Akasimama, akanivuta zipu ya koti, mvuke ukatoka kama umefunua sufuria ya makande. "Kaka, umejipika." Akanieleza kwamba pamba inakunywa maji na kuyakumbatia, jezi ya poliesta hata ikilowa inabaki nyepesi na inakauka haraka, kapelo ni ili mvua isikuingie machoni, na akivaa jaketi ni lile jepesi la upepo na zipu anaiacha wazi kidogo. Kulowa yeye hahangaiki nako, anahangaikia nguo kavu na chai ya tangawizi zinazomsubiri nyumbani. "Na mafuta ya mgando, kifuani na mapajani," akamalizia, akaondoka.

Hilo la mafuta ningelijua mapema jamani. Kuingia bafuni, sabuni ikafika kwenye chuchu zilizosuguliwa na fulana ya kampeni kilomita sita nzima, nilipiga ukelele mpaka mke wangu akadhani nyoka.

Mnadhani nilijifunza? Raba nikaziweka pembeni ya jiko la mkaa zikauke chapu. Baadaye ndo naambiwa unatoa soli ya ndani, unajaza magazeti, unayabadilisha yakilowa. Mimi nilishtuliwa na harufu, nikakuta gundi imeachia, soli moja imejikunja imefungua mdomo kama kambare.

Jioni jirani akaja kuchukua koti lake. Lilikuwa kwenye kamba barazani, nje limekauka safi kabisa. Akalivaa. Akanyamaza. Akalivua, akaligeuza, likachuruzika mpaka kwenye ndala zake.

"Braza," akasema, "hii mvua ilinyeshea wapi?"