Saa 35 Stuttgart, saa 40 Poznań: nani anafanya kazi zaidi?

Takwimu za mwaka 2023 za Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, zinaonyesha kwamba mwenye ajira Ugiriki alifanya kazi wastani wa saa 39.8 kwa wiki, na wa Uholanzi saa 32.2. Asomaye haraka atamwona Mholanzi mvivu, ilhali hesabu hiyo inachanganya ajira za kila aina, na Uholanzi ina watu wengi, hasa wanawake, walioajiriwa kwa siku tatu au nne tu kwa wiki. Kwa mfanyakazi wa kiwandani, mkataba wake husema mengi kuliko wastani wa taifa.

Tuchukue viwanda vya vyuma vya Ujerumani magharibi, kama vya Stuttgart, ambako wiki ya saa 35 ilianza rasmi mwaka 1995. Kwa likizo ya wiki sita, mfanyakazi anabakiwa na wiki 46, yaani saa 1,610 kwa mwaka kabla ya kuondoa sikukuu. Mwenzake wa Poland, tuseme wa Poznań, mwenye wiki ya saa 40 na likizo ya siku 20 ikiwa hajatimiza miaka kumi kazini, anafikisha saa 1,920. Pengo hilo la saa 310 ni karibu wiki nane za kazi, na si ajabu waajiri wakilitaja kila wanapofikiria kupeleka uzalishaji mashariki, ingawa mshahara mdogo wa huko, nadhani, huwavuta zaidi.

Vyama vya wafanyakazi hujibu kwamba saa zikipungua, kazi hugawanywa kwa wengi. Hoja hiyo ina uzito pale kazi yenyewe inapopungua: Volkswagen ilishuka hadi saa 28.8 mwaka 1994 ili kuokoa ajira zipatazo 30,000, lakini mishahara nayo ikapunguzwa. Kwingineko sioni kama imethibitika hivyo. Hata mgomo wa mwaka 1984 wa IG Metall, chama cha wafanyakazi wa vyuma cha Ujerumani, wa kudai wiki ya saa 35, uliodumu takriban wiki saba, ulileta kwanza saa 38.5 tu, na waajiri hawakutoka mikono mitupu, kwa kuwa walipata uhuru wa kupanga saa kwa kutofautisha mfanyakazi na mfanyakazi, wiki na wiki. Mitambo ikaweza kuendelea kunguruma kwa zamu huku kila mtu akikaa kazini muda mfupi zaidi.

Ufaransa nayo hutajwa kwa saa 35, lakini huko saa hizo ni mstari ambao ukivukwa malipo ya ziada huanza, kwa kawaida asilimia 25, wala si ukomo wa kazi. Ukomo wa Umoja wa Ulaya ni wastani wa saa 48 kwa wiki, ikiwemo kazi ya ziada.

Hata ndani ya Ujerumani kipimo hakikuwa kimoja. Viwanda vya vyuma vya mashariki vilibaki kwenye saa 38 baada ya mgomo wa 2003 kushindwa, na ni mwaka 2021 ndipo yalipopatikana makubaliano ya kuviruhusu kushuka hatua kwa hatua hadi 35.