Swali la nesi

Ndugu zangu wa Tanga wakinipigia simu huku Manchester huniuliza baridi, mshahara, na kama nimeshapata karatasi. Hili ninaloandika leo hawaniulizi, nami siwaambii, maana simu ikipigwa Ngamiani inasikilizwa na ukumbi mzima.

Huku ukienda kliniki ya magonjwa ya zinaa unaulizwa: unafanya mapenzi na wanaume, wanawake au wote? Nesi anauliza kwa sauti ileile ya kuulizia kama kuna dawa inayokudhuru. Ukijibu wanaume, hashtuki. Anachukua vipimo vya kooni na njia ya haja kubwa pia, kwa sababu kisonono na klamidia mara nyingi hukaa huko bila dalili yoyote na kipimo cha mkojo hakivioni. Kisha anakueleza PrEP, vidonge vya kinga ambavyo ukivimeza ipasavyo hupunguza hatari ya kuambukizwa VVU kwa ngono kwa takriban asilimia 99. Bure.

Dawa hata nyumbani zipo. ARV, dawa za kufubaza VVU, ni bure, PrEP imefika, na tangu sheria irekebishwe 2019 mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 hahitaji ridhaa ya mzazi ili apimwe. Kinachokosekana ni lile swali. Nani ataliuliza, na nani atalijibu, ikiwa jibu la kweli, kwamba unalala na wanaume wenzako, linaweza kukupeleka jela miaka 30 hadi maisha? Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku ugawaji wa vilainishi, yale mafuta maalumu ya kutumia na kondomu. Februari 2017 ikazuia vituo 40 kutoa huduma za VVU kwa wanaume wa namna hii na makundi mengine yaliyo hatarini. Aliyedhani vijana wataacha hawajui vijana. Wapo wanaotumia mafuta ya nazi na mafuta ya mgando, na hayo yanailegeza kondomu ya mpira mpaka inapasuka.

Halafu mabango tuliyokua nayo yalikuwa ya mume na mke tu. Kijana akahitimisha mwenyewe kwamba njia ile nyingine, ya nyuma, haina virusi, kumbe ndiyo ngono yenye hatari kubwa kuliko zote, hasa kwa anayeingiliwa. Basha naye, yule anayeingilia, hajihesabu kabisa. Yeye ni mwanaume, apimwe nini?

Sisemi huku ni peponi. Sisi Waafrika hugundulika tumechelewa kuliko Wazungu. Wapo wanaoamini wakipimwa watarudishwa kwao, ilhali England tangu Oktoba 2012 matibabu ya VVU ni bure kwa kila mtu, awe na karatasi asiwe nazo. Na ukiugua huku jirani hakuletei uji. Kwetu uji utaletwa, ilimradi usiseme unaumwa nini.

Msinijibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana huyu hakuficha, kafichishwa.

Na stara yetu ya Pwani haiishii hapo. Kijana huyo akikaribia miaka 30 bila mke, mashangazi wanaanza kumtafutia. Anaoa, watu wanakula pilau, wanashukuru kwamba maneno yamekwisha. Usiku bado anatoka. Mkewe akishika mimba anapimwa VVU kliniki ya wajawazito, kama wajawazito wote. Mume hajawahi kupimwa. Majibu yakiwa mabaya, yeye mwanamke ndiye anayeulizwa kautoa wapi.