Ajali haina kinga, ila mtaro una mfuniko

Mwaka juzi, jioni moja mvua ikiwa imetoka kunyesha, nilitumbukia mtaroni mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Mafundi waliondoa mfuniko asubuhi ili wazibue, wakaondoka zao, na pale penye shimo pakawekwa kipande cha boksi. Boksi! Limelowa, limefanana na lami, nami nikalikanyaga kwa moyo mweupe kabisa. Mwenye duka, mzee mstaarabu kweli, alinivuta kwa mikono yake, akaninunulia maji ya chupa, akanishika bega. "Pole sana mwanangu. Ajali haina kinga."

Nikaitika: "Nishapoa, mzee." Halafu nikafungwa hogo wiki sita.

Nina ugomvi na msemo huo. Radi ikikupiga shambani, sawa, tuutumie. Ila tumeuzoesha kufanya kazi isiyo yake: kumsafisha mtu ambaye angeweza kuzuia jambo na hakuzuia. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, nilisikia vijiweni watu wakiutamka hata waliofukiwa hawajatolewa wote. Sisemi nani alikosea pale. Nasema msemo ule ulitangulia kabla ya swali.

Swali lenyewe wanasheria wameliwekea tawi zima, na kwa Kiswahili wanaliita sheria ya madhara. Mtu akikudhuru mwilini, mali yako au jina lako, hata kama hakuna mkataba wowote kati yenu, unaweza kumdai fidia mahakamani. Wewe mwenyewe, kwa jina lako, si kupitia dola. Hapo ndipo wengi tunapochanganya. Tukigongwa na gari akili inakimbilia trafiki, PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu) na kesi ya barabarani. Dereva anatiwa hatiani, anapigwa faini, na faini inaingia serikalini. Ni kweli hakimu wa jinai ana uwezo wa kuamuru ulipwe, lakini kazi yake ya kwanza ni adhabu. Daawa ya fidia ni mlango mwingine, na una kizingiti kifupi zaidi: kwenye jinai kosa lithibitishwe bila shaka ya maana, kwenye madai inatosha mizani ilalie upande wako. Ndiyo maana dereva anaweza kuachiwa kwenye jinai, kisha akashindwa kwenye madai kwa ajali ileile.

Madhara haya yana milango mikubwa miwili, kukusudia na kuzembea. Wa kwanza hautusumbui sana kuuelewa. Kofi ni kofi, na huhitaji hata kuonyesha jeraha, maana kuguswa bila ridhaa ni kosa tayari. Vilevile mwenye duka anayekufungia stoo "mpaka useme simu iko wapi" amekunyima uhuru wako, hata kama hakukugusa unywele. Sisi huyaita hayo ubabe, tukaishia hapo.

Kinachowapoteza watu ni kudhani kwamba kukusudia maana yake ni kutaka mtu aumie. Kuna kesi ya London ya mwaka 1897, Wilkinson dhidi ya Downton, ambayo mimi huipenda kupita kiasi. Downton alimwendea mke wa mwenye baa akamwambia mumeo amepata ajali, kavunjika miguu yote miwili, kakuomba umfuate na mito miwili ukamchukue. Ulikuwa utani mtupu. Mume alikuwa amekwenda kutazama mbio za farasi. Mwanamke yule alipatwa na mshtuko, akatapika, akaugua kwa wiki kadhaa. Downton akajitetea kuwa alikuwa anatania. Akalipishwa paundi 100, na juu yake nauli ya treni ya watu waliotumwa kumchukua mume. Alikusudia kusema uongo ule, na uongo wa namna ile humwumiza mtu yeyote mwenye moyo wa nyama. Wahenga wetu walishaimaliza kesi hii: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Wale wanaorusha kwenye magrupu ya WhatsApp taarifa za misiba ya uongo wangeisoma mara mbili.

Sasa uzembe, na huku ndiko uliko mtaro wangu. Uzembe wa kisheria si uvivu, na hauhitaji roho mbaya. Mzee wa duka hakunichukia, hata hakunijua. Mahakama itauliza: alikuwa na wajibu wa kunichungia? Aliukiuka? Kuumia kwangu kulitokana na kuukiuka huko? Jibu likikosekana hata kwa moja, daawa inalala.

Kuhusu wajibu, kila mwanafunzi wa sheria kuanzia Dodoma mpaka Nairobi amemezeshwa konokono mmoja wa Scotland. Tarehe 26 Agosti 1928, mjini Paisley, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi mgahawani. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi. Alipokuwa amekwisha kunywa kiasi, iliyobaki ikamiminwa, na kwa maelezo yake akatoka konokono aliyeoza. Akaugua tumbo. Tatizo likawa kwamba soda hakuinunua yeye, basi hakuwa na mkataba na yeyote, si mgahawa wala mtengenezaji. Shauri likapanda mpaka Mabwana wa Bunge la Uingereza, ambao enzi hizo ndio walikuwa mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1932, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, wakaamua kwamba mtengenezaji anawajibika kwa mnywaji wa mwisho hata kama hawajawahi kuonana. Jaji Atkin akauliza, kwenye sheria jirani yangu ni nani? Akajibu kwamba ni yule ambaye tendo langu litamgusa kwa karibu kiasi kwamba nilipaswa kumfikiria kabla sijatenda. Kichekesho ni kwamba konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa. Stevenson, mtengenezaji, alifariki na pande zikapatana kabla ushahidi haujasikilizwa.

Mtu ataniuliza konokono wa Wazungu wanatuhusu nini. Wanatuhusu kwa sababu sheria ya Kiingereza iliingizwa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na mahakama zetu zimejengea juu ya msingi huo hadi leo. Hata hivyo, wazo la fidia halikuja na meli. Pwani diya, yaani fidia ya damu, ilikuwa ikilipwa karne na karne, na wafugaji walihesabu mifugo mtu alipouawa, hata kwa bahati mbaya. Ugeni uko kwenye lugha. Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama Tanzania kwa sheria tangu 2021, ila hukumu zinazojenga sheria ya madhara, nyingi zao, bado zimekaa kwenye Kiingereza kizito. Muuza nyanya atajuaje kwamba ana haki ambayo haijawahi kumsemesha kwa lugha yake?

Wajibu ukishakuwepo, kipimo ni mtu wa kawaida mwenye busara. Kwenye kesi iliyoamuliwa mwaka 1837, Mwingereza mmoja aliyeitwa Menlove alirundika majani makavu karibu na nyumba za jirani. Akaonywa, akasema atajaribu bahati yake. Moto ukawaka, nyumba zikateketea. Wakili wake akadai kwamba mteja alitumia akili yake yote, ila alizaliwa na kidogo. Mahakama ikakataa kupima wajibu kwa akili ya kila mtu. Nadhani ni sawa, ingawa namwonea huruma kidogo.

Kwa daladala mambo ni hayohayo, na ya ziada. Dereva akizembea akiwa kazini, tajiri anayepelekewa hesabu naye anawajibika, hata akiwa amelala kwake. Nyuma yake kuna kampuni ya bima. Bima ndogo, ile ambayo wengi wanadhani kazi yake ni kumtuliza trafiki, iliwekwa kwa lazima kwa ajili yako wewe uliyegongwa. Wapo majeruhi wanaochangiwa matibabu na ukoo mzima, kuku na mbuzi wakauzwa, na hakuna aliyeuliza namba ya bima.

Mjomba wangu hukasirika nikianza haya. Anasema kushtakiana kunaua ujirani, na kwamba kesi italiwa na mawakili. La pili nampa, kesi ni ghali na huchelewa. La kwanza simpi. Kumpelekea mtu madai yako kwa adabu, risiti mkononi, kunaujeruhi ujirani kuliko kumchukia kimyakimya miaka kumi? Na muda haukungoji: Tanzania, kama Kenya, daawa ya madhara kwa kawaida ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Risiti nazo si mapambo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema mwaka 1992 kwamba hasara mahususi, yaani gharama zinazohesabika, lazima itajwe wazi na ithibitishwe. Maumivu jaji atayakadiria mwenyewe, nauli ya bodaboda hatakukadiria.

Mimi sikwenda mahakamani. Nilirudi dukani kwa magongo, nikamwamkia mzee, nikamwekea risiti mezani: picha ya mguu, dawa, hogo, bodaboda za kwenda kliniki. Akavaa miwani, akazisoma moja moja kama anayekagua hesabu za mfanyakazi wake. Kisha akasema, "Lakini mwanangu, si ulikuwa unatazama simu?"

Nilikuwa naitazama. Mzee ambaye hajawahi kukanyaga darasa la sheria alinitolea utetezi wa kuchangia uzembe, neno kwa neno. Zamani Uingereza utetezi huo ungenifuta kabisa. Walibadilisha mwaka 1945, na siku hizi, kwao na kwetu, lawama hugawanywa na fidia hupunguzwa kwa kadiri ya fungu lako. Tukabishana kama nusu saa, chai ikaletwa. Mimi nilisema robo ni yangu, yeye akasema nusu. Tukamalizia kwenye theluthi, akanilipa kwa awamu mbili. Mtaro sasa umefunikwa kwa zege, na kila nikipita ananiuliza kama leo nimeiweka simu mfukoni.