Kahawa ya Mbinga nimeikuta Japani, imepewa jina la mlima wa watu

Wadau wa nyumbani wakiniuliza huku Japani kuna kitu gani cha maana wanategemea nitaje treni, ila mimi siku hizi nataja vile vipakiti vya kahawa vya kupachika kwenye kikombe. Tuviite dripu (sio ile ya hospitali jamani). Ni kimfuko cha kitambaa chepesi, ndani kuna kahawa ya unga gramu 10 hivi, na ubavuni kina masikio mawili ya karatasi ngumu. Unachana kwa juu, unayavuta masikio unayapachika kwenye mdomo wa kikombe, unamwagia maji ya moto kidogo tu unga uloane, unasubiri kama nusu dakika unaona unavyoumuka na kutoa povu, halafu unaongeza maji taratibu mara mbili tatu, basi. Hakuna mashine, hakuna chujio la kuosha, na ni kahawa ya kukaangwa na kusagwa, sio ile ya kuyeyusha.

Urahisi wenyewe ni mzuri lakini mi kilichonishika ni maandishi ya nyuma ya pakiti. Nchi, mkoa, mara nyingine mpaka kijiji, mwinuko kutoka usawa wa bahari, kama kahawa ilimenywa ikaoshwa au ilianikwa na ganda lake, na tarehe iliyokaangwa. Yaani mtu yuko ofisini Osaka, hajui hata Afrika iko upande gani wa ramani, lakini anajua kahawa yake ya asubuhi ilikaangwa lini. Mimi nimekulia Mbinga, mkoani Ruvuma kusini mwa Tanzania, kahawa mpaka dirishani, na sijawahi kuona duka la nyumbani linauza pakiti yenye habari zote hizo.

Sasa hapo ndo panapoanza kuniuma. Kahawa ya kwetu huku ipo tele ila haiitwi ya kwetu. Kwa kanuni za Wajapani za kuandika lebo, "Kilimanjaro" ni kahawa yoyote ya aina ya arabika iliyolimwa Tanzania isipokuwa ya Bukoba, kule Kagera. Kwa hiyo ya Mbinga ni Kilimanjaro, ya Mbozi ni Kilimanjaro, ya Kigoma nayo Kilimanjaro. Na wakichanganya na kahawa za nchi nyingine, ikifika asilimia 30 tu ya Tanzania wanaruhusiwa kuandika mchanganyiko wa Kilimanjaro. Wachaga msinielewe vibaya, jina mmelitengeneza nyie na lina soko kubwa huku toka zamani, hongereni. Ila toka Mbinga mpaka Moshi ni safari ya kuivuka karibu nchi nzima, halafu mtu ananiuzia dripu imeandikwa ni kahawa ya sehemu moja, sehemu gani? Hiyo ni nchi nzima kasoro Bukoba.

Lakini nikitulia naona lawama zote siwezi kuwatupia Wajapani. Sisi wenyewe tunainywa lini? Kwetu kahawa ilikuwa ada ya shule, bati na mbolea ya msimu ujao. Asubuhi ni chai ya rangi. Unaamka unachuma zile nyekundu tu, jioni mnazungusha mashine ya mkono kumenya, zinalala kwenye ndoo zichachuke, mnaziosha mpaka utelezi uishe, mnaanika kwenye kichanja na mvua ikinusa mnakimbia kufunika, halafu mnakaa mnachagua zilizopasuka na zilizotobolewa na wadudu mpaka macho yanauma. Kazi yote hiyo, na mkimaliza mnakunywa chai! Mzee wangu amelima kahawa maisha yake yote na ukimwomba akueleze ladha ya kahawa ya shamba lake hana la kukwambia, sio mjinga, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na msiniletee habari za kwamba basi ile kahawa ya kijiweni ndo mbaya. Ile kahawa chungu ya Kariakoo, birika juu ya makaa, kikombe kidogo kisicho na mkono, kashata ya karanga na ubishi wa Simba na Yanga, ile siiweki kwenye mizani moja na dripu, ni starehe nyingine kabisa na huku naikosa sana. Huku mtu anakunywa peke yake anaangalia kompyuta. Ila hata pale kijiweni nani anauliza kahawa imetoka wapi? Imekaangwa mpaka ikawa nyeusi tii, iwe ya Kagera iwe ya Ruvuma ladha ni ile ile.

Waangalie Waethiopia. Karibu nusu ya kahawa yao wanainywa wenyewe, wanaikaanga nyumbani mbele ya mgeni. Na huku kwenye dripu mara nyingi utakuta Yirgacheffe, Sidamo, Harar, majina ya sehemu zao, kila moja na pakiti yake, na serikali yao ilihangaika kuyasajili hayo majina nchi za nje. Wakenya wanywaji wa chai kama sisi tu, lakini wao mnadani kahawa inaingia na jina la kiwanda cha kijijini kilichoimenya ndo maana Nyeri inajulikana. Kwa hiyo inawezekana hata bila kunywa, ila mi naamini anayekunywa hadanganyiki kirahisi.

Tupige hesabu kidogo. Kilo moja ya kahawa yenye ganda gumu, ile mkulima anayopeleka AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ukiikoboa na kuikaanga inabaki kama gramu 650 hivi. Hizo ni dripu 65. Zile nzuri huku zinauzwa yeni 200 moja, kwa hiyo yeni 13,000, kwa hela yetu laki mbili na zaidi. Najua kuna meli, kuna kukaanga, kuna pango la duka na mishahara ya huku, sijasema wanaiba. Ila bei ya mkulima hata msimu uwe mzuri vipi haifiki sehemu ya kumi ya hiyo. Na kimfuko chenyewe sio roketi, ni kitambaa, karatasi, na mashine inayopuliza naitrojeni ndani isichachuke upesi. Kinachonikera kwenye dripu ni takataka tu, kikombe kimoja kinaacha pakiti ya nje na kimfuko, na huku ukichanganya taka majirani wanakununia.

Nilituma boksi nyumbani. Mama mdogo akachana dripu nne akamwaga unga wote kwenye sufuria, akatia tangawizi na sukari, akachemsha akachuja, wakanywa nyumba nzima. Nikamwambia bei ya moja akasema basi huko mna hela za kuchezea. Halafu akauliza hii ni ya wapi, nikamwambia imeandikwa Kilimanjaro ila kwa alama nyingine za kwenye boksi ni ya Ruvuma. Akaguna, akasema si huyo aliyeikaanga angeniletea tu nikamkaangia mwenyewe. Kwa kweli mama mdogo akianza kukaanga na kuuza pale stendi Mbinga, kwenye mfuko wa khaki, ameandika kwa kalamu Maguu, sehemu ya kwetu Mbinga ilikotoka, na tarehe, mi naagiza ya kwanza hata nauli ya mzigo iwe kubwa kuliko kahawa.